Kupokea Nako Ni Ukarimu: Habari ya Wazigua Waliorudi Handeni



Mtoto wa pwani hufundishwa kutoa tangu angali mdogo. Mama humkabidhi sahani ya futari iliyofunikwa kawa, akamwambia ampelekee jirani, na asisahau kuamkia. Akikua huambiwa kuwa kutoa ni moyo wala si utajiri, na kwamba mgeni haulizwi kabla ya kupewa maji. Haya ni mafunzo mema, nasi twamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kuturithisha wazee waliotulea juu yake.

Lakini ni nani amfundishaye mtoto huyo kupokea? Hapo wengi wetu tuna upungufu. Tukipewa twaona haya. Tukisaidiwa njiani na mtu tusiyemjua, twamtilia shaka, au twaharakisha kumlipa ili tusibaki na deni lake. Mjane hufunga mlango jirani asijue kuwa leo jikoni hakukuwashwa moto. Mzee huumwa kimya kimya kwa kuogopa kuwa mzigo. Nasi tukiyasikia hayo twayasifu, twasema: fulani ana heshima, hapokei kitu cha mtu. Je, hiyo ndiyo heshima aliyotufunza Mtume wetu (s.a.w.)? Katika makala haya tutalitazama swali hilo kwa njia ya historia, na historia yenyewe haiko mbali. Iko Uzigua, katika wilaya ya Handeni, nyuma ya pwani yetu ya Tanga na Pangani.

NJAA ILIYOWATOA WATU KWAO

Misima ni kata mojawapo ya wilaya ya Handeni. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wazigua, ndugu wa Wabondei, Washambaa na Wanguu kwa lugha na kwa asili. Ni wakulima. Mvua zikija kwa wakati wake mahindi hustawi na watu hushiba. Zikikosa, njaa haichelewi. Nchi ya namna hii huwafunza watu wake kwamba aliye na akiba mwaka huu huenda mwaka ujao akawa mwombaji, na kwamba mlango unaobishwa leo ndio utakaokwenda kuubisha kesho.

Katika miaka ya 1830 nchi hiyo ilipatwa na njaa kubwa. Watu wengi waliacha mashamba yao yaliyokauka, wakateremka pwani kutafuta chakula. Masimulizi yaliyohifadhiwa na wajukuu zao mpaka zama zetu hizi yanasema kwamba huko pwani walikutana na wafanyabiashara wenye vyombo, wakaambiwa maneno mazuri. Waliambiwa kuwa ng'ambo kuna kazi, kazi ina ujira na chakula, na mvua zikirudi kwao nao watarudishwa. Mwenye njaa akiahidiwa chakula huamini. Wakapanda majahazi, na pepo za kusi zikawachukua kaskazini mpaka pwani ya Benadir, kwenye miji ya Barawa, Marka na Mogadishu. Kule hapakuwa na ujira. Waliuzwa, wakapelekwa kwenye mashamba ya bonde la mto Shebelle, wakalimishwa nafaka, ufuta na pamba kwa faida ya wengine.

Hapa, ndugu msomaji, tusiugeuze uso. Majahazi yale hayakuwa ya watu wa mbali wasiojua Kibla. Biashara ile ilishikwa na wafanyabiashara wa pwani, Waarabu na Waswahili, na wanunuzi wa kule nao walikuwa watu wanaoswali. Mtu anaposoma habari za utumwa hupenda kutafuta mkosaji aliye mgeni kwake, lakini historia haitupi ruhusa hiyo. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kushuhudia haki ijapokuwa ni juu ya nafsi zetu, basi na tuishuhudie: wapo waliomwendea mwenye njaa kwa sura ya wema, nao walikuwa wanatega mtego. Madhara ya jambo hilo hayakuwa kwa miili peke yake. Watu walifundishwa kwa njia chungu kabisa kwamba mkono wa mgeni unaokuletea chakula huenda una kamba nyuma yake.

MSITU WA GOSHA

Wazigua wale hawakukaa utumwani milele. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke mmoja, Wanakhucha, ambaye aliwakusanya wenziwe na kuwaongoza kuondoka kwenye mashamba ya mabwana zao. Nia yao ilikuwa kuelekea kusini, warudi kwao Uzigua kwa miguu. Hawakufika. Walifika mto Juba, wakaingia katika msitu uliokuwa kandokando ya mto huo, mahali palipoitwa Gosha, maana yake msituni. Mbung'o walikuwa wengi humo, na wafugaji wenye ng'ombe hawakupapenda. Basi kilichokuwa adui wa ng'ombe kikawa ngome ya watu waliotoroka. Walifyeka, wakalima, wakajenga vijiji, na watoro wengine wa asili za kusini, kama Wayao na Wamakua, wakakaa nao bondeni.

Katika mambo ya kustaajabisha ni kwamba hawakuiacha lugha yao. Watu wengine wengi wa asili ya kusini waliochukuliwa Somalia walisahau lugha za babu zao na kushika za wenyeji, lakini Wazigua wa Juba waliendelea kusema Kizigua, kizazi baada ya kizazi. Wasomali waliwaita Mushunguli, jina ambalo wataalamu wa lugha hulihusisha na neno lenyewe la Mzigula. Uislamu nao uliingia miongoni mwao polepole, hasa mwishoni mwa karne ya kumi na tisa na mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakawa Waislamu kama jirani zao.

Hata hivyo, hawakupata raha kamili. Wakati wa utawala wa Waitalia walilazimishwa kufanya kazi katika mashamba makubwa, na baada ya uhuru wa Somalia mwaka 1960 waliendelea kudharauliwa kwa sababu ya asili yao. Wakaishi hivyo, wakitegemea mikono yao na mto wao, na kuwasimulia watoto wao habari za nchi iitwayo Uzigula ambayo hakuna aliye hai aliyewahi kuiona.

MLANGO WA PILI

Mwezi wa Januari mwaka 1991 serikali ya Siad Barre ilianguka, na Somalia ikaingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Wakulima wa bonde la Juba walipata dhara kubwa kuliko wengi. Walikuwa na nafaka ghalani, hawakuwa na bunduki, wala hawakuwa na kabila kubwa la kuwalinda. Makundi yenye silaha yaliwanyang'anya chakula, wengine wakauawa, na waliobaki wakakimbia. Wengi walitembea mpaka Kenya, wakaishia kwenye kambi za Dadaab. Wengine walifuata bahari, wakashuka pwani ya Kenya, na baadhi yao wakafika mpaka Tanga.

Hebu tafakari, ndugu msomaji. Ni pwani ile ile. Babu zao waliipanda bahari wakiwa na njaa, wakaahidiwa chakula, wakauzwa. Sasa wajukuu wanairudia bahari hiyo hiyo, nao wana njaa, na tena wako watu wasiowajua wanaowanyoshea mkono wakisema: Karibuni, kuna chakula, kuna mahali pa kulala, tufuateni. Kama ungekuwa wewe, ungeufuata mkono huo?

Waliufuata. Serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliwapa hifadhi katika kambi ya Mkuyu, wilayani Handeni. Hivyo, baada ya zaidi ya miaka 150, watu wale wakajikuta wamelala katika ardhi ya babu zao. Mzee wa Handeni na mgeni wa kutoka Juba waliweza kusemezana kwa Kizigua. Mwaka 2003 walihamishiwa makazi ya Chogo, wilayani humo humo, wakapewa ardhi ya kulima ili wasibaki wakingoja chakula cha msaada. Walikuwa takriban watu elfu tatu. Serikali iliwafungulia pia mlango wa uraia, na katika miaka iliyofuata zaidi ya elfu moja kati yao wakawa raia wa Tanzania kwa hati.

Wala tusiseme kwamba wema ule haukuwa na mpaka. Wenzao waliobaki Dadaab nao waliomba kurudi Tanzania, lakini maombi yao hayakukubaliwa. Wakati huo nchi ilikuwa imeelemewa: mwishoni mwa Aprili mwaka 1994, kwa muda wa siku moja tu, wakimbizi wapatao robo milioni wa Rwanda walivuka mpaka wa Rusumo na kuingia Ngara. Mwaka 1999 Marekani ikakubali kuwachukua wale wa Dadaab, na kuanzia mwaka 2003 watu wapatao elfu kumi na mbili wakapelekwa huko. Hao walipaswa kupokea wema kwa watu walio mbali nao zaidi: si lugha moja, si dini moja, si rangi moja. Baadhi yao walikwenda kukaa Lewiston, mji wa jimbo la Maine lenye theluji nyingi. Huko wakulima wao wameshirikiana kuanzisha mashamba, na wanapanda mahindi kama walivyopanda Juba, na kama wapandavyo watu wa Misima.

NABII MUSA CHINI YA KIVULI

Tumekwisha kusimulia habari. Sasa tutafute funzo lake. Katika Sura ya Al-Qasas Mwenyezi Mungu anatusimulia habari za Nabii Musa (a.s.) alipotoka Misri peke yake akiwa na hofu. Alifika kwenye kisima cha Madyan, akawakuta wachungaji wakinywesha wanyama wao, na kando yao wanawake wawili wakiwazuia kondoo wao wasisogee kwa kuwa hawana nguvu ya kushindana na wanaume. Musa hakusema: Mimi ni mkimbizi, nina shida zangu. Aliwanyweshea. Kisha akajitenga kivulini, akamwelekea Mola wake, akakiri kuwa yeye ni mhitaji wa kheri yoyote atakayoteremshiwa.

Jibu la dua ile lilikuja kwa miguu ya mtu. Mmoja wa wanawake wale alimjia, akitembea kwa haya, akamwambia kuwa baba yake anamwita ili amlipe kwa kuwanyweshea. Basi Musa alifanya nini? Alikwenda. Hakusema kuwa wema wake ulikuwa kwa ajili ya Mungu na kwa hiyo hataki kitu. Alikwenda, akakaa mbele ya mzee wa watu, akamsimulia habari zake zote, na yule mzee akamtuliza hofu. Akapata makao, akapata kazi ya miaka minane au kumi, akapata na mke.

Liangalie jambo hili kwa makini. Mtume wa Mwenyezi Mungu anatoa akiwa mhitaji, kisha anapokea bila kuona kuwa ameshuka. Tena aliyempa ni mgeni kwake, na yeye ni mgeni kwao. Lau angekataa wito ule kwa kujistahi, angekuwa ameomba kheri kwa Mola wake kisha akaifungia mlango ilipobisha. Ni wangapi miongoni mwetu wanaomwomba Mwenyezi Mungu usiku awape faraja, na asubuhi jirani akija nayo wanamrudisha!

MUHAJIRINA NA ANSARI

Watu wa Makka walipohamia Madina mwaka 622 waliacha nyumba na mali. Watu wa Madina, Ansari, waliwapokea, na Qur'ani katika Sura ya Al-Hashr inawasifu kuwa waliwatanguliza wageni kuliko nafsi zao hata pale walipokuwa wahitaji wenyewe. Sifa hii twaisikia mara nyingi katika hotuba. Lakini mara chache twasikia habari za upande wa pili: Muhajirina walipokeaje?

Walipokea kwa namna mbalimbali. Saad bin Rabii (r.a.) alimtaka Abdurrahman bin Auf (r.a.) achukue nusu ya mali yake. Abdurrahman alimwombea baraka katika watu wake na mali yake, kisha akataka aonyeshwe soko. Yeye hakuichukua ile nusu, lakini hakumdharau mtoaji. Aliukubali udugu, akapokea maelekezo ya soko, akajibu kwa dua. Wengine walipokea zaidi. Ansari walitaka mitende yao igawanywe baina yao na wageni. Mtume (s.a.w.) hakuikata mali yao namna hiyo; wakakubaliana kuwa Muhajirina wafanye kazi mashambani na matunda yawe ya wote. Hapa mgeni akala, na jembe likawa mkononi mwake, kama wasemavyo wazee wetu kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe lile halikuwa la kumfukuza mgeni. Lilikuwa la kumtoa katika ugeni.

Kisha, baada ya Khaybar katika mwaka wa saba wa Hijra, Muhajirina walipopata mali yao wenyewe, waliwarudishia Ansari mitende waliyopewa kula matunda yake. Walipokea walipokuwa na shida, wakarudisha walipopata wasaa. Na katika miaka ile ya shida Muhajirina walimwendea Mtume (s.a.w.) na hofu yao: Ansari wametuzidi kwa wema kiasi kwamba twachelea watachukua thawabu zote. Akawajulisha kuwa sivyo, maadamu wanawaombea na kuwasifu kwa wema wao. Basi mpokeaji naye ana kazi, na kazi yake ina thawabu.

MKONO WA JUU NA MKONO WA CHINI

Huenda msomaji akauliza: Je, Mtume (s.a.w.) hakutufundisha kuwa mkono wa juu ni bora kuliko mkono wa chini? Ni kweli, na hadithi hiyo ni sahihi. Lakini isomwe pamoja na maelezo yake. Katika mapokezi ya Ibn Umar (r.a.) imebainishwa kuwa mkono wa chini ni ule unaoomba. Kuomba bila ya dharura ni jambo moja, na kupewa bila ya kuomba ni jingine. Umar bin Khattab (r.a.) alipopewa mali akataka wapewe walio wahitaji kuliko yeye, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kuwa mali ikimjia hali hakuitamani wala hakuiomba, aichukue. Na Mtume mwenyewe alikuwa akipokea zawadi na akirudisha wema wake, na akasema kuwa hata kama atapewa ukwato wa mnyama atakubali. Yeye ambaye lau angetaka angepewa milima ya dhahabu, hakuona haya kupokea ukwato, kwa sababu alichokipokea hasa ni moyo wa aliyempa.

Kumbuka pia kwamba anayetoa daima na asiyepokea kamwe yuko katika hatari. Huenda ukarimu wake umegeuka kuwa ufalme. Anataka watu wote wawe na deni kwake, na yeye asiwe na deni kwa mtu. Mtu wa namna hiyo akipatwa na msiba hujificha, na akisaidiwa huchukia. Amesahau kuwa yeye naye ni mja, na kwamba maziwa ya kwanza aliyoyanywa duniani hakuyanunua, na kwamba sanda na maji ya mwisho atapewa na mikono ya wengine. Maisha yetu yamefungwa mbele na nyuma kwa kupokea.

Wazee wa bara yetu walilijua jambo hili hata katika mambo ya dunia. Uzigua ilikuwa nchi ya misafara, na baadaye mashamba ya katani ya Korogwe, Pangani na Handeni yakawakusanya manamba kutoka pande za mbali. Mtu akifa mbali na ukoo wake, atazikwa na nani? Hapo utani baina ya makabila ukawa na maana kubwa. Mtani ana haki ya kukuchukulia kitu chako na kukutukana huku akicheka, na msiba ukikufika ana wajibu wa kuja kuchimba kaburi. Huwezi kuwa mtani wa kutoa tu. Anayekubali kuzikiwa maiti wake na mtani amekubali pia kwenda kumzikia mtani wake. Mkataba wa namna hiyo hukaa kwa kupeana, na upande mmoja ukikataa kupokea, umekufa.

ZAWADI NA MTEGO

Hata hivyo hatuwezi kuisahau njaa ya miaka ya 1830. Kupokea wema si kuufunga macho. Wazigua walioahidiwa ujira hawakukosea kwa kuwa na njaa. Aliyekosa ni yule aliyeifanya njaa yao kuwa bidhaa. Na wako wa namna hiyo mpaka leo. Vijana wetu wa kike na wa kiume huahidiwa kazi nzuri ng'ambo, wakifika wakanyang'anywa pasi na kufungiwa majumbani. Basi vipi mtu atajua mkono wa kuufuata?

Historia hii yenyewe inatupa mizani. Wema wa kweli hutendwa wazi mbele za watu. Mtego hupenda siri na haraka. Wema wa kweli hukuachia mlango wa kuondoka. Mtego huufunga nyuma yako. Zaidi ya yote, wema wa kweli huuacha mkono wako huru ili nawe siku moja utoe. Majahazi ya Benadir yaliwapeleka watu mahali ambapo jasho lao halikuwa lao. Chogo walipewa ardhi, na mavuno yakawa yao, na mwenye mavuno yake anaweza naye kumkaribisha mgeni. Madyan, mzee alimpa Musa kazi kwa masharti yaliyosemwa waziwazi, na mwisho wa muda ule Musa aliondoka na jamaa zake. Hiyo ndiyo mizani: aliyekupa, je, amekuacha uwe mtoaji, au amekufanya uwe mali yake?

Mizani hiyo ituongoze na sisi tunapotoa. Ukimsaidia mtu kisha ukamsimanga, umemfunga kamba. Ukimpa masikini na ukakataa kikombe chake cha chai kwa kuwa chumba chake ni kibovu, umempa mkate ukamnyima utu. Wageni wa Handeni walileta kitu ambacho hakuna mwenyeji angeweza kukinunua: habari ya watu waliopotea wakati wa njaa, kwamba hawakuangamia, kwamba waliitunza lugha na wakazaa watoto. Mwenyeji asiyejua kupokea kutoka kwa mgeni asingeisikia habari hiyo kamwe.

SAHANI HAIRUDI TUPU

Kwetu pwani kuna desturi njema kuwa sahani ya jirani hairudi tupu. Lakini desturi hii imewatesa baadhi ya watu. Mwenye dhiki huogopa kuipokea sahani kwa kuwa hana cha kuijazia. Tuwaambie wenzetu hao, na tujiambie wenyewe, kwamba sahani hurudi na dua, na dua haina uzito mdogo. Hurudi na shukrani, kwani Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mwenyezi Mungu. Hurudi baada ya mwaka au baada ya miaka kadhaa, kama ilivyorudi mitende ya Madina. Pengine hurudi kwa mtu mwingine kabisa: uliyesaidiwa na mpita njia usiyemjua jina, utamlipa kwa kumsaidia mpita njia mwingine.

Basi wazazi wawafundishe watoto mambo mawili pamoja. Wawafundishe kuipeleka sahani, na wawafundishe pia kuipokea kwa mikono miwili, kwa uso mkunjufu, kwa kusema Jazakallahu khayran, bila ya udhuru mwingi na bila ya kuhesabu. Wawaambie kuwa mjane anayefungua mlango amempa jirani yake nafasi ya kheri, na anayeufunga amemnyima. Wawasimulie habari za watu waliodanganywa kwa jina la wema, wakateseka vizazi vitano au sita, kisha wakaunyosha mkono tena na kupokea. Mioyo yao ilikuwa na kila sababu ya kukataa. Lau wangekataa, aliyewadanganya babu zao angekuwa amewashinda mara mbili: mara ya kwanza kwa kuwachukulia uhuru wao, na mara ya pili kwa kuwachukulia imani yao juu ya wanadamu.

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe watoaji wasiosimanga na wapokeaji wasiojivuna, aikinge mikono yetu na mitego, na aifungue milango yetu kwa wageni wake. Amin.